Kifaa cha Tatu

Bibi Bibiana hakuwa mtu wa kuficha mambo. Kanisani Magomeni, hapa Kilosa, walimjua kwa kusema ukweli hata pale usipotakiwa. Lakini simu yake aliificha kwenye pipa la unga, na wa kulaumiwa ni mumewe.

Mzee Melkizedek alikuwa stesheni masta. Reli ilimpunguza miaka ya ubinafsishaji, ila yeye hakuipunguza reli hata kidogo. Chai aliitaka saa kumi kamili jioni. Mgeni wa pili hakuingia uani kabla wa kwanza hajatoka. Kila siku saa tisa alikwenda stesheni kuhakikisha treni zinachelewa kwa utaratibu.

Basi binti yao Costancia, mwalimu wa Morogoro, akawaletea ruta ya intaneti, akamwonyesha baba yake namna ya kuona kwenye simu kila kifaa kilichoingia na bando kililokula. Costancia hakujua alichokifanya. Mzee alipata kazi upya. Alifungua daftari akaandika: simu yangu, imeingia saa moja asubuhi, televisheni, taarifa ya habari, imetoka. Halafu siku moja chini ya hivyo viwili kikajitokeza cha tatu, hakina jina, kinaingia saa tisa na kula bando kuliko televisheni.

Kilikuwa kile cha kwenye unga. Simu hiyo ilitumwa kwa siri na Elikana, kitinda mimba wao, dereva wa watalii huko Mikumi. Miaka minne nyuma Elikana aliichukua taa ya reli ya baba yake, akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu apate ada ya kujifunza udereva. Mzee akaapa kwamba shikamoo ya mtoto huyo hataiitikia, wala hatamfuata aliko. Elikana naye akaapa kwamba hatasimama mlangoni kwao asiitikiwe. Kutoka Mikumi hadi Kilosa ni safari ya asubuhi moja, lakini wanaume hao wawili waliifanya ndefu kama ya kwenda Ulaya. Mama mtu alikonda. Simu ilipofika, nenosiri alilikuta limebandikwa chini ya ruta yenyewe, na tangu hapo kila saa tisa aliuona uso wa mwanawe. Ingegunduliwa, angempoteza mara ya pili.

Bando lililiwa na tembo. Elikana alipenda kumwonyesha mama yake wanyama, na siku moja mzee alirudi mapema akasikia mlio wa ajabu jikoni. Bibiana alisema ni tumbo. Mzee akamshauri anywe maji ya tangawizi.

Msako ulianza. Jirani yao Magreti, fundi cherehani, aliombwa simu yake ikaguliwe, akatoa majibu ambayo siyaandiki. Kasisi alipokuja kuwaombea, aliizima simu mwenyewe kabla hajaulizwa. Kisha, Jumatano, mzee akatangaza mezani kwamba amemfungia mwizi huyo asiingie tena kwenye ruta.

Siku tatu Bibiana alikaa roho juu. Kusema hawezi, kupiga hawezi. Ugali aliusonga ukatoka na mabuje, na mumewe akala kimya, jambo ambalo lilipaswa kumshtua.

Jumamosi alasiri pikipiki ilisimama uani. Elikana alishuka na sare yake ya kazi, vumbi hadi kwenye kope. Siku tatu hakumpata mama yake hewani; alipomwona yuko hai, anapepeta mchele, aliegemea pikipiki. Kisha akamwona baba yake kwenye kiti. Bibiana aliuweka ungo chini.

"Shikamoo, baba."

Mzee alitazama saa ya mkononi.

"Marahaba. Nilikutegemea jana."

Akampa mkewe simu. Kwenye orodha ya vifaa, cha tatu kilikuwa na jina, ameliandika mwenyewe: Elikana.

"Umejua tangu lini?" Bibiana akauliza.

"Tangu mwezi wa pili. Msako ulikuwa geresha tu. Mke wangu, nimekaa nawe miaka arobaini. Tumbo lako halijawahi kulia kama tembo."

"Sasa ukamfungia kwa nini?"

"Treni ikizuiwa na taa nyekundu, ikisubiri mpaka ikachoka, dereva huja mwenyewe stesheni kuuliza kulikoni." "Mimi kwenda Mikumi nisingeweza. Nilikwisha apa, na kiapo kimoja nimeshakivunja leo."

Bibiana alimtazama kwa hasira na kwa mapenzi, hasira ikiwa mbele. Siku tatu za roho juu hazisameheki hivihivi. Chai ya saa kumi ilikwenda kwa Elikana kwanza, na maandazi yote. Mzee aliisubiri yake hadi saa kumi na moja kasorobo, akafungua daftari, akaandika kwamba chai imechelewa dakika arobaini na tano. Kwenye safu ya sababu akaandika: mtoto amefika.