Zimamoto Wetu wa Handsworth

Mtakaposoma karatasi hizi mtakuta herufi zilizorukwa na mistari iliyopinda. Niwieni radhi. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, Unguja, na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunila jioni nzima. Naandika kwa sababu nilikuwepo.

Majira ya baridi yale, huku Handsworth, nchi ya Wazungu, wazimamoto wa serikali waligoma. Badala yao walizunguka askari wa jeshi na magari ya kijani, makuukuu, yaliyokuwa yakipanda Soho Road polepole mpaka mabasi yanayapita. Watu waliogopa, na walikuwa na haki. Nyumba za mtaa wetu zimeshikana, kila chumba kilikuwa na jiko la mafuta ya taa la kupashia joto, na juu ya kila jiko nguo za watoto zinakaushwa.

Basi wanaume wetu wakaunda kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Walikuwa kumi na mmoja, wa Unguja, wa Tanga na wawili wa Mombasa, wengi wao wakifanya kazi kiwanda cha magari Longbridge. Walikutana sebuleni kwetu kwa sababu ndiyo iliyokuwa kubwa, na mimi ndiye niliyepika chai. Mkutano wa kwanza walichagua mwenyekiti. Wa pili, makamu. Wa tatu, katibu, na ugomvi ukawa mkubwa mpaka akapatikana na katibu msaidizi. Mkutano wa nne mtu mmoja aliuliza habari za ndoo. Akaambiwa hoja hiyo haimo katika ajenda.

Buti walizipata kabla ya ndoo. Zilikuwa buti nyeusi za jeshi, ndefu, matundu kumi na mawili kila upande. Walizivaa kazini, sokoni na kwenye harusi. Mwenyekiti alipata na filimbi, ikawa haimtoki shingoni.

Sasa nieleze habari za bibi yangu. Bibi alikaa chumba cha juu, cha nyuma. Miguu yake ilikwisha nguvu mwaka tuliofika, na ngazi zetu ni za wima na nyembamba, kwa hiyo alishuka siku za Idi na siku za daktari tu. Hakuogopa baridi wala upweke. Aliogopa moto. Kila wakija kukutana, aliwaita kutoka juu.

"Wanangu, moto ukija, mimi atanishusha nani?"

"Wewe ni wa kwanza kwenye orodha, bibi," mwenyekiti alimjibu. "Nimekuandika kwa mkono wangu."

"Na hiyo orodha ndiyo itakayonibeba?"

Walicheka. Kisha wakajadili wiki mbili nzima kama inafaa mwanamme asiye mahramu wake kumbeba. Sheikh aliwaambia kwamba penye dharura inafaa. Katibu akauliza kama moshi peke yake ni dharura, au mpaka uonekane moto wenyewe. Mama yangu aliyasikia hayo akiwa jikoni.

"Mkishapata jibu," akasema, "bibi atakuwa ameshakuwa mkaa."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Shuka iliangukia jiko la mafuta chumba cha juu, cha mbele. Mama alikuwa chumbani kwa bibi, akanusa, akaenda kuufunga mlango wa chumba kinachoungua, akanipigia kelele niwaite watu. Nilikimbia kwa mwenyekiti, nyumba ya tatu. Kwa bahati walikuwa kwake wote, wana mkutano.

Sitawaonea. Walikuja mbio. Filimbi ililia, ndoo wakabeba, wakafika mlangoni kwetu kabla yangu. Lakini mlangoni kwetu lipo zulia, na tangu tuhamie hakuna mgeni aliyewahi kulikanyaga na viatu. Mwenyekiti akasimama. Akainama, akaanza kufungua kamba za buti. Makamu nyuma yake akainama. Kumi na mmoja wote wakainama, mmoja nyuma ya mwingine, kwenye ujia usiopita watu wawili, kila mtu na matundu yake arobaini na manane. Mimi nilikwama nje, nyuma ya migongo.

Nikamsikia bibi juu, anakohoa.

"Hawajafika?"

"Wamefika," mama akamjibu.

"Mbona siwasikii?"

"Wanavua viatu."

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa nesi, Mkenya. Alikuwa amelala, ametoka zamu ya usiku. Alitokea na gauni la kulalia na koti juu yake, viatu miguuni.

"Hizo viatu mnatoa za nini? Mmekuja matanga?"

"Dada, nyumba ya watu hii, ina heshima yake," alisema katibu, bado kainama.

"Heshima itaungua na mwenyewe. Songa."

Alipita juu yao. Mtu mmoja alikanyagwa vidole akalia. Mimi nikapita nyuma yake. Juu, moshi ulikuwa umeshajaa ukumbini, unatoka chini ya mlango. Nesi alimkalisha bibi kwenye blanketi, mama akamshika mabega, mimi miguu.

"Shuka na makalio, mama," nesi akamwambia bibi. "Ngazi moja, halafu ingine. Usiangalie chini."

"Nimezaa saba," bibi akasema, "leo nafundishwa kutambaa."

Tulimshusha hivyo, ngazi kwa ngazi, mpaka chini, ambako tulimkuta mwenyekiti na buti moja mguuni, nyingine mkononi. Ilibidi aombwe apishe. Nesi akarudi juu na blanketi aliloliloweka maji, akalifunika jiko, moto ukafa. Ndipo kikosi kilipopanda, na soksi, wakamwaga ndoo zote mahali palipokwisha kuzimika. Maji yalipita dari yakashukia sebuleni.

Wiki iliyofuata walikuja na karatasi iliyopigwa taipu, historia ya kikosi. Walitaka bibi atie dole gumba, awe shahidi. Mimi si msemaji mbele za watu, lakini bibi aliniamuru nimsomee, nikasoma kwa kufuata na kidole. Ilisema kikosi kilifika kwa nidhamu, na bibi akashushwa salama chini ya usimamizi wa mwenyekiti.

"Nesi yuko mstari gani?" bibi akauliza.

"Hayumo."

"Na mama yako?"

"Hayumo."

Kidole chake kilikuwa kimeshapakwa wino. Alikifuta kwenye kanga.

Karatasi wameibandika ukutani hivyo hivyo, mahali tunaposwali Ijumaa. Wazimamoto wa serikali wamerudi kazini, na kikosi chetu bado kipo: kinapanga viti vya harusi na kupiga filimbi maharusi wakifika. Kazi hiyo wanaiweza. Bibi amekataa kupanda tena. Analala sebuleni, kwa hiyo mikutano imehamia kwengine, na nesi huja kumkanda miguu akitoka zamu.

Kama ulikuwepo mtaani Jumamosi ile ukaona vingine, niandikie. Kama mtaa wako nao ulikuwa na kikosi, niandikie kama kiliwahi kuzima kitu. Bibi anataka nimsomee barua zote, na mimi nitajibu, ila mnivumilie, nitachelewa.