Nyati, Digidigi na Plasta ya Mama Paskalina

Jamani, nichekeni sasa hivi mmalize kabisa, ili nikianza kusimulia mnisikilize vizuri, maana Karatu mpaka leo kuna watu hawaniiti kwa jina, wananiuliza tu "Mangi, luku inasemaje?" halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta, na mimi nacheka nao, nitafanyaje, aibu niliitafuta mwenyewe, tena kwa kujidai.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi karibu na stendi, watu wa kampuni za utalii wananiletea majina ya wageni wao wanaoshuka kreta kuona wanyama, na nilikuwa nimepanga chumba uani kwa Mama Paskalina, mjane wa Kiiraqw, mpole, mcha Mungu, mtu ambaye akikukasirikia anakupa chai kwanza ndipo anakusema. (Mimi ni wa Marangu, ndiyo maana Mangi, kama Wachaga wote wanaofungua kibanda ugenini.) Chumbani nilikuwa na kompyuta niliyoiunga mwenyewe kutoka kwenye kompyuta tatu zilizokufa, ina feni nne, ina kioo kile cha zamani chenye mgongo mkubwa, na ikiwaka inanguruma mpaka bati linatetemeka. Niliiita Nyati.

Sasa kuna mgeni mmoja, Mholanzi, alikuja kibandani kutoa kopi ya pasipoti, tukapiga stori, akanionyesha programu moja ya ajabu. Watafiti wa huko kwao wana hesabu kubwa mno za kutafuta dawa ya malaria, kompyuta yao peke yake haiziwezi, kwa hiyo wanazikatakata vipande vidogo wanavigawa duniani kwa yeyote anayejitolea kompyuta yake, wewe umekaa zako unakunywa uji, kompyuta inapiga hesabu, ikimaliza inarudisha jibu kwa intaneti na wewe unapewa pointi. Hulipwi chochote. Unapata pointi, na jina lako linapanda kwenye orodha ya dunia nzima. Malaria ilinichukulia mdogo wangu tukiwa wadogo, kwa hiyo msione nachekesha, moyoni nilikuwa na sababu. Ila na pointi nazo nilizipenda, sitaki kudanganya.

Timu yetu ya Karatu ilikuwa na watu wawili, mimi na Mwalimu Tluway, rafiki yangu anayefundisha hesabu Endabash. Yeye alikuwa na kilaptopu kidogo alichoachiwa na shemeji yake, nikakibatiza Digidigi kwa dharau, kwa sababu Nyati ilikuwa inakiacha mbali kwa pointi kila wiki. Basi nikawa namtambia, kila tukikutana namuuliza Digidigi anaendeleaje, amekula majani leo? Siku moja uzalendo ukamshinda.

"Wewe Mangi," akasema, "pointi unazo, ila umeme wako mwingi unaishia kuwa joto la bure. Kwa kila uniti ya umeme, Digidigi anakushinda. Tupime."

Nikasema tupime! Nani aogope? Tukapanga Jumamosi, saa moja asubuhi, kwangu, kwa sababu kwangu kulikuwa na luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ambayo ilikuwa bado kitu kipya mtaani, na ile luku ina kataa kadogo kekundu kanakomweka kila umeme unapotumika, kwa hiyo ukikahesabu kanavyomweka kwa saa nzima unajua kabisa kompyuta imekula kiasi gani. Digidigi saa moja, Nyati saa moja, halafu pointi za kila mmoja tunazigawanya kwa idadi ya kumweka. Kitaalamu kabisa. Tatizo moja tu: ili hesabu iwe safi, nyumba nzima isitumie umeme mwingine wowote.

Mniwekee hili akilini: nilikuwa nimekwenda Marangu wiki mbili kwenye msiba, nimerudi Ijumaa jioni nimechoka, sijaongea na mtu, nimelala. Asubuhi Tluway akafika na Digidigi kamvisha blanketi, ukungu wa mwezi wa saba umefunga mtaa mzima, baridi inauma mpaka masikio, na Mama Paskalina ameshaondoka kwenda misa. Nikaenda barazani kwenye bodi ya swichi, nikazima redio, nikazima friji, nikazima taa za nje. Ikabaki swichi moja ya pembeni, mpya, imebandikwa plasta nyeupe ya kidonda, na juu yake Mama ameandika kwa peni. Mvua ilikuwa imepiga, wino umefifia. Nikasoma: USIZIME LUKU.

Nikacheka. Nawaambia nilicheka kwa sauti!

Tluway akasema, "Si wamekataza?"

"Mwalimu," nikamwambia, nimeweka mkono kiunoni kama nahutubia, "luku haizimwi kwa swichi. Luku iko pale ukutani, inajisomea yenyewe. Mama wa watu ni mzee, teknolojia inamtisha, amedhani akigusa hapa uniti zitapotea. Nitamwelimisha akirudi."

Nikazima.

Tukaanza na Digidigi. Mimi nimechuchumaa mbele ya luku na daftari, nimejifunika shuka la Kimasai, macho kwenye kataa kekundu, Tluway ameshika saa. Digidigi akamaliza saa yake, kataa kamemweka mara chache mpaka nikaona wivu, tukamzima, tukawasha Nyati. Hapo sasa! Kataa kakawa kanapepesa kama jicho lililoingia pilipili, nahesabu mdomo unakauka, siwezi kupepesa, siwezi kukohoa, na ndipo geti likafunguliwa.

Ilikuwa jumuiya ya kanisani, majirani wanaosali nyumba kwa nyumba. Jumuiya nzima! Kumbe zamu ya sala ilikuwa kwa Mama Paskalina, wametoka misa moja kwa moja, akina mama wameshika rozari, watoto, na mbele yao Mzee Boay, mwenyekiti, na koti lake la sherehe. Akaniona nimechuchumaa chini ya mita ya umeme nimejifunika shuka.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Mia tatu kumi na mbili," nikajibu.

Mzee Boay akadhani hajasikia vizuri, akarudia kwa sauti zaidi, "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Mia tatu kumi na tisa, Mzee naomba usinisemeshe!"

Nikasikia mama mmoja nyuma anamnong'oneza mwenzake, "Anaiba umeme," na mwenzake anajibu, "Hapana, amerukwa na akili, si alikuwa msibani?" Tluway, mtu ambaye kila siku ana maneno, akaanza kutazama mawingu. Mama Paskalina peke yake ndiye alinitetea, masikini, akasema, "Muacheni Mangi, huwa anafanya mambo ya kompyuta. Njooni kwanza tuwaone vifaranga wetu, halafu tusali."

Vifaranga? Nikapoteza hesabu hapohapo.

Kumbe nilipokuwa Marangu, akina mama wa jumuiya walikuwa wamechanga wakanunua vifaranga mia moja na ishirini wa kuku wa mayai, wawalee kwa Mama Paskalina mpaka wakue, wawauze, kigango, kanisa lao dogo, kipate bati, maana kilikuwa na turubai na mvua ikinyesha watu wanasali na miavuli. Walikuwa bandani nyuma ya nyumba, kwenye maranda ya mbao, chini ya taa mbili za joto. Na taa zile zina swichi yake.

Nikainuka taratibu, nikaenda kwenye bodi, nikaisogelea ile plasta pua inaigusa. Lile L halikuwa L. Lilikuwa K lililofutika mkono wa juu.

USIZIME KUKU.

Kabla sijapumua nikasikia Mama Paskalina kule bandani: "Yesu na Maria! Nani amezima taa?" Na jumuiya nzima, mkubwa kwa mdogo, wakageuka wakanitazama mimi, na Tluway (rafiki yangu! mtu wa timu yangu!) akaninyooshea kidole.

Nilikimbia kwenye swichi nikawasha, taa moja ikawaka, ya pili ikafanya pwaa ikaungua, na zile taa zilikuwa zinapatikana Arusha tu. Bandani vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja, wa juu wanatetemeka, wa chini hawasogei. Akina mama hawakuniuliza kitu. Walipiga magoti kwenye maranda wakawa wanawaokota wanawatia vifuani ndani ya vitenge, mmoja analia kabisa, anasema, "Bati letu, bati letu," na mimi nimesimama na daftari langu natamani ardhi inimeze. Sijawahi kujichukia kama siku ile. Ulikuwa mchango wa watu wanaolima vitunguu kwa mikono yao.

Aliyeokoa jahazi ni Tluway. "Mama," akasema, "kule chumbani kwa Mangi kuna joto. Ile kompyuta yake inapuliza moto nyuma."

Na kweli, Nyati ilikuwa bado inanguruma na hesabu zake za malaria, hakuna aliyekumbuka kuizima, na chumba kilikuwa na joto kama jikoni. Wakaja wote na vitenge vyao. Vifaranga waliozidi ile taa moja wakawekwa nyuma ya Nyati, kwenye shuka langu la kitandani, mbele ya zile feni, na baada ya muda mmoja akasema piu, wa pili akasema piu, mpaka chumba kizima kikawa piu piu piu, na jumuiya ikasali rozari humohumo, watu wamekaa kitandani kwangu, kwenye ndoo, mlangoni, na mimi nikajibu kila Salamu Maria kwa sauti kubwa kuliko wote ili wajue najua maneno.

Walikufa tisa. Niliwafukia mwenyewe nyuma ya banda, na Jumapili nilisimama mbele ya watu wote kigangoni nikasema ni mimi nimezima na kwa nini, yaani nikaeleza mambo ya L na K, na Mzee Boay akainamisha kichwa, nikadhani analia, kumbe mabega yanamcheza kwa kicheko. Adhabu yangu ilikuwa kulala na vifaranga wale mpaka taa ifike kutoka Arusha, na taa ya Arusha, kama mnavyojua vitu vya kuagiza, ilichukua siku kumi na nne. Nyati haikuzimwa. Pointi zilipanda kama kichaa, nikamshinda hadi Mholanzi mwenyewe, na nguo zangu zote zikanuka kinyesi cha kuku.

Siku ya kumi na tano manyoya yakajaa kwenye feni, Nyati ikakoroma mara moja, ikatoa harufu ya plastiki, ikazimika moja kwa moja. Nilipokwenda kuangalia kwenye kompyuta ya kibandani nikakuta kipande chake cha mwisho kilikuwa kimesharudi kwa wenyewe, kimepokelewa. Nilifurahi, na nilisikitika kidogo, ingawa kuililia kompyuta mbele ya Mama Paskalina sikuthubutu. (Tluway anadai alishinda. Hesabu haikuisha, kwa hiyo hakushinda, na hilo tutabishana mpaka tuzeeke.)

Tangu siku ile sijazima swichi kwenye nyumba ya mtu bila kumwita mwenyewe, hata iwe ya jikoni kwa mama yangu mzazi, na nikikuta plasta naisoma mara tatu.

Kuku wakakua, wakauzwa, bati likapigwa. Siku ya kubariki kigango nikaombwa na katekista nisome somo la kwanza, nikavaa suti, nikapanda mbele, nikafungua kitabu, nikakohoa kidogo, na kabla sijatoa neno nikamsikia Mama Paskalina kwenye benchi la mbele, kwa sauti yake ileile ya upole, anamwambia katekista:

"Mwanangu, msimamie pembeni huyu. Kusoma bado kunamsumbua."