Kitabu Nilichokikalia

Juzi nilikuwa natazama filamu za makala kwenye simu, mara nyuki, mara volkeno, mara meli ikaanza kuzama. Niliigeuza simu, nikaikalia.

Nilipokuwa mdogo, Mama alikuwa akiuza vitabu vikuukuu sokoni Kondele, vimerundikwa juu ya gunia, vikinuka vumbi na omena, dagaa wa muuzaji jirani. Mchana mmoja nilipekua cha ng'ombe, cha nyota, kisha kimoja chenye picha ya mashua ikizama. Baba alikuwa anavuka ziwa. Nilikifunga, nikakikalia, nikiamini kikifunguliwa mashua yake itazama.

"Inuka, mteja anakitaka," Mama alisema.

"Mpaka Baba afike."

Radi ilinguruma upande wa ziwa. Mama akamwambia mteja, "Hicho hatuuzi leo."

Jioni Baba alitokea, amelowa chapachapa. Mama alinigeukia.

"Sasa inuka."