Jumapili Niliyoomba Mawingu Yaondoke

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumapili ya pili baada ya Pasaka, na mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Hombolo kama ng'ombe waliofika bomani wakakuta mlango umefungwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, shati jeupe la mtumba, madarasa yangu saba, na ndoto nyingi kuliko madarasa. Nikimtazama yule kijana kutoka hapa nilipo leo, simchukii. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na haraka.

Kwanza uijue desturi yetu. Kuomba mvua kila mtu anakujua. Kanisani kwetu Makutupora, lile jengo dogo la matofali ya udongo na benchi kumi na mbili, tuliomba pia kukipokea kiangazi. Wageni walitushangaa. Walidhani kiangazi ni cha kuvumilia tu, kama jino bovu. Lakini nafaka isipopata jua huoza kichanjani, na zabibu isipopata jua haina utamu. Hata harusi zetu zilingoja kiangazi, watu wakiwa na chakula ndani na miguu haina tope. Kwa hiyo tulikikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni ambaye wenyeji watapona kwa kuja kwake. Watu waliingia na masuke ya uwele na kibuyu cha maji, tukasoma ahadi aliyopewa Nuhu baada ya gharika, kwamba maadamu dunia ipo, kupanda na kuvuna havitakoma, wala baridi na joto. Kisha mtu mmoja aliomba kwa niaba ya wote.

Jumapili hiyo haikuwa na tarehe. Aliyeichagua kila mwaka ni katekista wetu, Mzee Yeremia, mzee mrefu aliyekuwa ameanza kupoteza macho. Wiki nzima kabla yake alipita ua hadi ua na fimbo yake, akinywa uji hapa, akisifia mtoto pale. Mimi niliamini anakwenda kusalimia watu. Wazee hupenda kusalimia.

Mwaka ule homa ilimlaza. Akaniita kitandani, kwa kuwa nilikuwa nasoma vizuri na sauti yangu ilifika benchi la mwisho, akasema niongoze mimi maombi ya kiangazi. Akaongeza, kwa ile sauti ya mgonjwa inayotoka nusu, kwamba kwanza nipite kwa watu. Nikaitika ndiyo, baba.

Sikupita. Nilisimama tu mwisho wa ibada nikatangaza kwamba Jumapili ijayo tunakipokea kiangazi. Wazee wawili watatu walitazamana. Hakuna aliyesema neno, nami nikachukua ukimya wao kuwa ni kukubali. Mwanangu, hapo jihadhari. Kimya cha watu si amina.

Haraka yangu ilitoka shambani. Nilikuwa na robo eka ya zabibu niliyoachiwa na baba. Miaka ile ndiyo kila mwenye lori alikuwa ameanza kuruhusiwa kuja kununua, hatukuwa tena na mnunuzi mmoja wa kumsubiri. Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam alituambia kwamba atakayekuwa na zabibu kabla ya wenzake ndiye atakayejaza lori lake. Basi nikapogoa mizabibu mapema, wiki tatu kabla ya majirani. Ikachipua vizuri, ikakaribia kutoa maua, na mvua ilikuwa bado haijaaga. Mvua ikikuta mzabibu kwenye maua, maua hupukutika, na yanayobaki hushikwa na ukungu. Nilikuwa nalala naota lori, naamka natazama mawingu.

Nikatafuta kwenye Biblia mtu wa kunisaidia, nikampata Eliya. Aliomba mvua isinyeshe, haikunyesha miaka mitatu na nusu. Mimi sikutaka mingi hivyo. Nilitaka wiki tatu.

Jumapili ile niliomba kwa sauti ya kwaya nzima. Nilimshukuru Mungu kwa masika aliyotupa, nikakikaribisha kiangazi kwa majina yote mazuri niliyoyajua, halafu nikamsihi ayafunge mawingu tangu saa ile, kama alivyomsikia mtumishi wake Eliya. Kanisa likaitika amina. Nilipofumbua macho nilimwona Mama Nyemo, mjane wa benchi la tatu, akiwa amekaza mdomo, macho yake yakiwa chini. Nikadhani amesinzia.

Mchana ule upepo ukaja ukayachukua mawingu yote. Wiki ya kwanza haikudondoka hata tone. Ya pili vilevile. Vijana wa kwaya wakaanza kuniita Eliya, mwanzo kwa utani, baadaye kwa utani uliopungua. Sikuwakataza. Aisifuye mvua imemnyeshea, na mimi nilikuwa nausifu ukame kwa sababu ulinifaa.

Aliyenigunia wa kwanza alikuwa Mzee Juma, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na duka la pembejeo pale njiapanda. Nilimpitia kumwambia kwamba mwaka huu sitahitaji salfa nyingi ya kunyunyizia ukungu. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Wewe ndiye bwana mdogo uliyefunga mvua?"

Nikacheka kwa aibu ya kujisifu.

"Sasa ungefunga ya Makutupora peke yake," akasema. "Huko kwetu milimani ulezi bado mbichi. Ndugu zangu wanauliza ni nani huyo anayeyaombea hata mashamba yao bila hodi. Nikawaambia msihofu, dua la kuku halimpati mwewe."

Nilicheka naye, nikaondoka. Lakini lile neno "bila hodi" lilinifuata njiani kama mbwa wa jirani.

Siku chache baadaye Mzee Yeremia alipata nafuu, akaniita nimsomee, maana herufi zilikuwa zimemshinda. Alitaka habari za Eliya. Nikafurahi, nikidhani anataka kunipongeza kwa njia ya kizee. Nikasoma pale nabii anapomwambia mfalme hakutakuwa na umande wala mvua, nikanyamaza.

"Endelea."

Nikasoma habari za kunguru waliomletea mkate, na kijito kilichokauka kwa sababu mvua haikunyesha nchini. Nikanyamaza tena. Akasema niendelee. Nikafika kwa yule mjane wa Sarepta, aliyekuwa akiokota kuni mbili ili apike konzi ya mwisho ya unga, yeye na mwanawe wale, kisha wafe. Na nabii amesimama mbele yake, akimwomba mkate.

"Basi," akasema mzee. "Ulikuwa umesoma nusu. Aliyefunga mvua alipelekwa akaone chungu cha mjane. Mimi kila mwaka nilianzia huko kwenye chungu, ndipo nikachagua siku. Nenda kwa Mama Nyemo."

Hakupandisha sauti. Alifunga macho kama mtu aliyemaliza kazi.

Nilimkuta Mama Nyemo shambani na panga. Mtama wake ulikuwa umetoa masuke, mazuri kwa mbali, lakini nilipolishika moja likawa jepesi kama unyoya. Mapepe matupu. Hapo ndipo nilipojua kisa. Wakati wenzake wanapanda, yeye alikuwa hospitali mjini na binti yake Nyemo, aliyekuwa akiumwa kifua. Akapanda mwezi wa pili, kwa mkono wake peke yake. Mvua mbili tu za mwisho ndizo zilizokuwa zimebaki kuujaza. Sasa alikuwa anakata mabua yangali na umajimaji, angalau mbuzi wale.

Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaendelea kukata. Nikaanza kuungama. Nikasema mimi ndiye niliyefunga mvua, nikasema nimekosa, nikasema Mungu anisamehe na yeye anisamehe. Akasimama, akanitazama, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe Danieli? Juzi juzi ulishindwa kumfunga ndama wangu, akakuburuta mpaka kwenye miiba. Leo umefunga mvua ya Mungu?"

Nami nikacheka, ijapokuwa sikupenda. Kisha uso wake ukabadilika.

"Mvua ina Mwenyewe," akasema. "Mvua sikuikasirikia. Lakini siku ile nilikuwa ndani. Nimekaa pale, nimevaa kanga yangu ya Jumapili, nanyi mnaomba shamba langu likauke. Nikatafuta pa kutia amina yangu, nikapakosa. Ulikuwa unajua ninakokaa, Danieli. Ni hatua ngapi?"

Zilikuwa mia tatu hivi. Niliwahi kuzitembea mara nyingi nikifuata maziwa.

Nikachukua panga lake, nikakata mabua mpaka jua likazama. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba atakwenda kuhemea. Wewe umekua wakati wa maduka, pengine neno hilo hulijui. Ni kufunga nyumba na kwenda kutafuta chakula mbali, ukilimia watu upewe debe la mtama. Angekwenda na Nyemo upande wa Kiteto, na Nyemo angeacha shule, maana mtoto aliyetoka kuumwa hakuwa na wa kumwachia. Kilichomtesa zaidi ni mbuzi wake kumi na mmoja. Akiwauza amekwisha. Akiwaacha watakufa kiu.

Nikasema niachie mbuzi. Na dada yangu akasema aachiwe Nyemo. Mama Nyemo alifikiri siku mbili. Kuwaacha mbuzi akakubali. Kumwacha Nyemo akakataa, akasema hawezi kulala bila kumsikia mwanawe akipumua. Wakaondoka wote wawili.

Kiangazi kile ndicho nilichokipokea kwa kweli, mwanangu. Kila siku kabla jua halijapanda nilishuka korongoni nikachimba mchanga. Mwezi wa saba maji yalikuwa urefu wa mkono. Mwezi wa kumi niliingia shimoni mpaka mabegani, nikachota kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, na mbuzi wamesimama juu wananiangalia kama wasimamizi wa mtihani. Pale shimoni nilirudia maneno ya maombi yangu, nikaona jinsi yalivyokuwa mepesi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeomba nimeshiba.

Na zabibu? Sikudanganyi. Lori lilikuja, zabibu zilikuwa tamu, nilikuwa wa kwanza kuuza. Usingoje kila kosa likuletee radi ndipo ujue kwamba ni kosa. Mengine hukupa faida, ukabaki nayo mkononi usijue uiweke wapi. Sehemu ya faida hiyo nilinunulia magunia ya uwele, nikayaweka kwa Mama Nyemo, akayakuta aliporudi. Mbuzi tisa walikuwa hai. Wawili walikufa, nikamwonyesha ngozi zao. Nyemo alirudi darasani, nyuma ya wenzake kwa mwaka mzima, na mwaka huo hakuna aliyeweza kumrudishia.

Mwaka uliofuata Mzee Yeremia alinipa tena kazi ile, na safari hii alinipa na fimbo. Nikapita. Kila ua niliuliza swali moja: ni nani bado anangoja mvua? Nilipofika kwa Mama Nyemo, mtama wake ulikuwa tayari umeanikwa. Nikasema basi, Jumapili hii tuombe.

"Umeuliza dukani?" akaniuliza.

"Mama, yule si wa kanisani."

"Mawingu nayo ni ya kanisani?"

Nikaenda. Mzee Juma alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa kanzu muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema ulezi wa ndugu zake unataka wiki mbili. Kanisa zima likangoja wiki mbili kwa ajili ya ulezi wa Warangi ambao hatukuwahi kuwaona. Wapo walionung'unika, mmoja wao akiwa na zabibu kwenye maua. Nilimwelewa kuliko alivyojua.

Siku ilipofika niliomba hivi, na ndivyo tulivyoomba miaka yote iliyofuata: Ee Bwana, uliyemwahidi Nuhu majira, unayewaangazia jua lako wema na waovu, tunakipokea kiangazi mkononi mwako. Kausha nafaka, usikaushe visima. Waliovuna wape moyo wa kugawa. Wasiovuna uwatangulie njiani. Usitusikie tukiomba jambo litakalomlaza jirani na njaa.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Omba, wala usiogope kuomba makubwa. Lakini kabla hujapiga magoti, piga hodi. Kuuliza si ujinga, na hatua mia tatu si safari. Neno la Mungu lisome mpaka mwisho wa habari, usikomee pale linapokupendeza. Na ukiwa wewe ndiye unayeomba kwa niaba ya wengine, jua kwamba umebeba midomo yao. Usiitie maneno ambayo mmoja wao hawezi kuyameza.

Mungu akupe jua la kutosha kuanikia, na kivuli cha kupumzikia. Akupe maji karibu na uso wa mchanga. Akupe majirani watakaokwambia "bado" bila kukuogopa, nawe akupe subira ya kuwangoja. Amina.