Sauti ya Ta Kamugisha

Harufu ya gamba bichi la mgomba linapoungua siipendi mpaka leo. Wajukuu zangu hufunikia makaa kwa magamba hayo, wala hawajui kwa nini bibi yao hunyanyuka na kigoda chake akahamia upande wa pili wa ua. Wananiambia naogopa moshi kama mtoto. Moshi siuogopi hata kidogo. Nyinyi mlio mbali nitawaeleza, maana hamtanicheka, na mkinicheka sitawaona.

Ilikuwa zamani za Wadachi, nami nilikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Baba alikuwa mtu wa pwani. Alikuja Karagwe na msafara wa nguo na chumvi, akaoa Mnyambo, akasahau kurudi kwao. Tulikaa madukani, mtaa mmoja wa nyumba za nyasi zilizobanana kando ya njia ya kwenda Isingiro, na nyuma yetu migomba mitupu. Mtaa ulikuwa na mkubwa wake aliyewekwa na boma la Bukoba. Watu walimwita Akida, naye alipenda sana kuitwa hivyo. Alikuwa na kofia nyekundu, askari mmoja na kiboko kimoja, na vyote hivyo alitembea navyo hata akienda kuoga.

Akida alikuwa na amri juu ya kila kitu isipokuwa moto. Moto ulikuwa na watu wake, wakulima wa migombani ambao hakuna aliyewachagua wala kuwalipa. Kiangazi nyasi zinapokauka na vilima vinawaka kila upande, cheche moja ilitosha kumaliza mtaa. Hapo pembe ililia, nao walikuja. Walikuja wamejipaka tope la bondeni mwili mzima mpaka kwenye kope, na tope likikauka walikuwa wa rangi ya majivu, huwezi kumjua baba yako wala mjomba wako. Kila mmoja alibeba begani magamba mabichi ya mgomba, na kwa magamba hayo waliupiga moto mpaka ulale. Ikibidi, walipanda juu ya nyumba iliyokuwa mbele ya moto wakaiezua nyasi zote, ili moto ukifika ukose chakula.

Kilichonitia hofu mimi ni kwamba hawakusema. Hakuna kelele, hakuna kuitana, hata kukohoa walikohoa ndani ya viganja. Moto wenyewe hawakuutaja jina. Waliuita Omugenyi, yaani mgeni, na walisema mgeni huyo akisikia sauti yako huondoka nayo. Aliyefungua kinywa mbele ya moto aliacha kazi ile siku hiyohiyo na hakurudi tena. Mkubwa wao aliitwa Ta Kamugisha, yaani Mzee Kamugisha, mtu mrefu mwembamba, fundi wa kugonga nguo za magome. Siku za kawaida alikuwa mcheshi, alinitania kwamba ameshatoa ng'ombe na atanioa nikishaota meno. Lakini nikimwona na tope lake nilijificha nyuma ya mama.

Kiangazi cha mwaka ule jiko la jirani yetu lilishika moto. Wale watu wakaja na kimya chao, wakapanda ghala la baba, wakaliezua lote. Kumbe upepo ukageuka, moto ukafia palepale ulipoanzia. Baba akabaki na ghala lisilo na kichwa, na kaniki zake mpya zimekanyagwa na miguu ya tope. Baba yangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini hasira zake zilikuwa karibu. Alikwenda barazani kwa Akida kushtaki.

Akida alikuwa akiingoja siku hiyo. Hakupenda kuona watu wanakusanyika kwa sauti ya pembe ambayo si yeye aliyeipiga, na alikuwa akisema kwamba leo wanakuja kwa moto, kesho watakuja kwa jambo jingine. Aliichukua pembe akaitundika barazani kwake. Akatoa amri kwamba hakuna mtu kuezua nyumba ya mwenzake madukani mpaka yeye mwenyewe aseme. Kisha Ta Kamugisha akalazwa kifudifudi mbele ya baraza, akachapwa viboko, baba yangu akiwa amesimama pale kama mwenye mashtaka. Baba alirudi nyumbani hana rangi. Nadhani hakutaka mambo yafike huko, lakini hakuyazuia. Mama hakumsemesha kwa siku nyingi, na chakula alimwekea chini kama anayemwekea paka.

Kiangazi hakikuwa kimeisha moto ulipokuja tena. Ilikuwa mchana, jua jekundu kwa moshi wa vilimani, upepo mkavu. Ulianzia nyumbani kwa askari, mwanzo wa mtaa, ukaingia nyumba ya pili kabla watu hawajamaliza kuulizana nini. Akida hayupo, amekwenda Kamuli kusimamia barabara, na mara hiyo moja amemwacha askari na kiboko walinde amri yake. Pembe iko ukutani barazani. Hakuna aliyeipiga, hilo nalikumbuka vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimesimama njiani nikiitazama kwa uwazi wa mlango.

Lakini walikuja. Nilipogeuka walikuwa wanatokea migombani mmoja baada ya mwingine, wa rangi ya majivu, na magamba yao begani. Wakafika ng'ambo ya njia. Wakakaa chini, wote, mstari mmoja, wakautazama moto.

Wenzangu, nimeona mambo mengi katika maisha haya, nimeona ndui na nimeona njaa, lakini sijaona kitu cha kutisha kama watu wale waliokaa. Moto unanguruma, wanawake wanalia, kuku wanaruka na manyoya yanayowaka, na wao wamekaa kama waliokwisha kuzikwa wakarudi kutazama. Macho tu ndiyo yaliyopepesa. Niliamini kabisa kwamba hawakuwa watu, kwamba watu wenyewe wako makwao wamelala na hivi ni vivuli vyao. Nikamvuta mama nguo nikamwambia tuondoke, hawa wamekuja kutuchukua.

Nyumba ya tatu ikashika. Yetu ilikuwa ya tano, na ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote. Kila mtu aliona kwamba yetu ikiezuliwa, moto utaishia hapo. Ikishika, mtaa wote umekwisha, na msikiti wetu wa udongo pamoja nao. Baba akawakimbilia wale watu. Aliwaamrisha, akawatukana, halafu akawaomba. Hawakumtazama. Askari alikuwa amesimama karibu, kiboko mkononi, anasema amri ni amri, ametuma mtu Kamuli, tungoje. Kamuli, wenzangu! Hata ndege asingefika na kurudi.

Ndipo baba akakaa chini katikati ya njia, akashika kichwa chake akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia. Ta Kamugisha akanyanyuka kwenye mstari, akamwendea, akamwinamia. Tope la mgongoni lilikuwa limepasuka, na chini yake niliona makovu mapya. Akafungua kinywa mbele ya moto, sisi sote tunasikia.

"Nyumba ni yako," alisema. "Anza wewe. Tutakusaidia."

Baba akaelewa. Amri ilikataza kuezua nyumba ya mtu mwingine. Mwenye nyumba kujiezulia nyumba yake, hiyo haikuwamo. Alipanda juu ya paa letu na kanzu yake, akang'oa nyasi za kwanza kwa mikono yake. Zilipoanguka tu, mstari mzima ukasimama bila neno, na kabla sijameza mate walikuwa wote juu. Moto ulifika kwetu ukakuta kuta na miti, na magamba mabichi yakaushukia. Ile sauti yake ya kufoka kama nyoka, na ile harufu, vimekaa puani na masikioni mwangu tangu hapo.

Akida aliporudi alitafuta wa kumchapa akamkosa. Askari mwenyewe alishuhudia kwamba mwenye nyumba ndiye aliyebomoa, wengine walimsaidia tu. Lakini wale watu nao walikuwa na sheria yao. Jioni ileile Ta Kamugisha alinawa tope mtoni, akawaachia wenzake magamba, akaenda zake.

Na tangu siku ile hakusema. Akija mtaani kuuza nguo zake za magome, alionyesha kwa vidole. Baba alimsalimia kwa heshima zote, naye aliinamisha kichwa basi. Watu wakanong'ona kwamba Omugenyi amemsikia. Baba alisikitika mno. Kila siku ya soko alinifungia chumvi katika jani nimpelekee, na hiyo ilikuwa safari ya mateso kwangu. Nikikaribia kwake, ndani ya migomba nilisikia sauti ya mwanamume inaongea, inacheka. Nikifika uani, kimya. Ta Kamugisha amekaa peke yake na nyundo yake, ananipokea chumvi kwa mikono miwili, ananitazama kwa upole. Nilijua nilichosikia: ni sauti yake, imetoka motoni, inazunguka migombani kumtafuta mwenyewe, naye haioni. Nilikimbia kurudi nyumbani bila kugeuka. Usiku mama alipopuliza jiko nilimshika mkono aache, kwa maana nilisikia makaa yakisema anza wewe, anza wewe.

Nilikua na hofu hiyo, nikaolewa nayo huko Kaisho. Siku moja tulikuwa tunaanua kahawa, wanawake watupu, nikawasimulia habari ya mzee ambaye moto ulimnyang'anya sauti. Mmoja wao akaweka ungo chini. Alikuwa binti yake, ameolewa hukohuko, na mimi sikujua.

"Baba yangu?" akasema. "Baba yangu hanyamazi tangu alfajiri, mpaka wajukuu wanamkimbia. Mama yako hakukwambia?"

Nikamuuliza mbona kwetu ni bubu. Akaniangalia kama anayenihurumia.

"Tulimwuliza hivyohivyo. Alisema, neno nililokuwa nalo kwa Mswahili yule nilishampa."

Nililia siku ile, kwa aibu na kwa uchungu, mbele ya kahawa za watu. Nilikuwa nimeogopa moto miaka yote, na moto haukuchukua chochote. Mzee yule alituokoa kwa neno moja, halafu akafunga mlango, na sisi tukakaa nje tunamwonea huruma. Mama alikuwa akijua, nina hakika. Wanyambo wote wa pale walikuwa wakijua.

Baba sikumwambia. Alizeeka akiamini kwamba rafiki yake alipotewa na sauti kwa ajili yake, na baada ya kila swala aliinua mikono akamwombea Ta Kamugisha apone aseme tena. Nikiwapo nyumbani nilikaa nyuma yake, na alipomaliza niliitikia amina.