Supu Isiyokuwa na Kadi

Kaka yangu alikuwa mchanganya rangi. Si fundi wa kupaka, wale wa ngazi na kofia za magazeti. Yeye alisimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, na mteja akija na kipande cha pazia akataka ukuta wake ufanane nacho, alichanganya mpaka ukafanana. Miaka ishirini na sita, na kila rangi aliyoichanganya aliiandika kwenye kadi: matone mangapi ya nyeusi, mangapi ya njano, tarehe, mteja nani. Pembeni alipaka doa kwa kidole, akaliacha likauke, kisha akarudi nyuma hatua nne na kulitazama. "Rangi mbichi hudanganya," alipenda kusema. Dukani walimwita Bwana Kadi, naye hakukasirika hata siku moja. Niliyekasirika ni mimi mdogo wake, maana hata ukimwomba chumvi alikuuliza kiasi gani.

Jikoni hakuwa akiingia. Mpishi alikuwa mkewe, wifi yangu, na huyo alipika kwa jicho. Hakupima kitu. Ukimuuliza umetia vitunguu vingapi, anakwambia, "Vya kutosha, wifi. Kwani tunavihesabu au tunavila?" Hawakujaaliwa watoto. Jioni walikaa wawili kwenye meza ndogo karibu na dirisha, wakala taratibu huku wakiwasengenya wateja na majirani, na mimi nikiwamo. Mtu ukipita ngazini ulisikia kicheko cha wifi kabla hujasikia harufu ya chakula chake.

Kisha wifi akaugua. Ugonjwa wenyewe sitaki kuusimulia, umeshachukua vya kutosha. Alikuwa akienda hospitali kila baada ya wiki tatu kutiwa dawa ya mshipa, akirudi analala kitandani amegeukia ukutani. Alikonda mpaka pete ikawa inamponyoka kidoleni. Siku moja daktari akamwita kaka pembeni, nami nikiwepo. "Mzee, dawa hizi ni kali. Mwili usiokula hauziwezi. Akipungua tena kilo tatu, itabidi tusimamishe."

Jioni ile kaka alitoka kazini na mizani ndogo ya zamani ya dukani chini ya kwapa, akaingia jikoni.

Mwanzoni nilicheka. Mtu wa miaka hamsini na minne anamenya kiazi kwa kisu cha kukwangulia rangi! Lakini hakuwa akitania. Mapishi aliyaokota kila mahali, kurasa za nyuma za magazeti, redio ya dukani, wateja. Mtu alikuja kununua rangi ya jiko lake, akaulizwa, "Na humo jikoni mnapika nini mgonjwa akakubali kula?" Siku moja alipika mayai ndani ya nyanya, siku nyingine samaki wa kuchemshwa na ndimu, siku nyingine wali laini wa maziwa na mdalasini. Kuku alimpika kwa njia saba. Kila chakula kilikuwa na kadi yake: gramu za hiki, vijiko vya kile, dakika ngapi motoni, na chini kabisa, amekula kiasi gani.

Na hapo ndipo penye habari yenyewe. Alikuwa akimwekea wifi sahani mapajani, juu ya trei, kisha anarudi nyuma hatua nne mpaka mlangoni, kadi mkononi, penseli nyuma ya sikio, anamtazama anavyokula. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakula mkate na chai dukani, ili jioni yote iwe ya mgonjwa. Chakula alikionja jikoni kwa ncha ya kijiko, basi.

"Kaa, mume wangu," wifi alikuwa akimwambia. "Umesimama kutwa nzima."

"Miguu imeshazoea. Wewe kula kwanza, nione."

Wifi anakula vijiko viwili. Vitatu siku njema. Kisha anasema kitamu sana, ila ameshiba. Kaka anaandika: vijiko vitatu. Kesho anaongeza chumvi kidogo, au tangawizi, au anatafuta pishi jipya.

Nikaja jioni moja kutoka kwenye cherehani yangu, nikamkuta kaka ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mguu mmoja juu ya mto umevimba kama boga. Kopo la rangi la lita ishirini lilikuwa limemwangukia dukani. Bakuli lilikuwa kati yao, tupu, vijiko viwili ndani. Wifi alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kweli, si kile kicheko cha kuwaridhisha wageni, maana kaka alikuwa akimsimulia jinsi meneja alivyokimbilia kuokoa rangi badala ya mguu.

"Amemaliza!" kaka aliniambia kabla sijavua viatu. "Mdogo wangu, amemaliza bakuli zima!"

Ilikuwa supu ya maboga. Kwa sababu ya mguu aliipika ameketi kwenye kigoda, na mizani ilikuwa juu ya kabati asikoweza kuifikia. Alitia kila kitu kwa kukisia. Usiku ule alitoa kadi ya thelathini na moja, akaandika: Supu ya maboga. Amemaliza. Akakaa na penseli, akashindwa kuendelea. Mtu aliyeandika kila tone la rangi kwa miaka ishirini na sita, siku moja tu hakuandika, na siku hiyo ndiyo aliyoihitaji.

Mguu ulipona baada ya wiki, naye akarudi kusimama. Kuanzia hapo kila jioni ilikuwa maboga. La ganda la kijani, la ganda la njano. Lenye nazi, lisilo na nazi. Tangawizi kabla, tangawizi baada. "Nakumbuka ilikuwa na kitu," alikuwa akiniambia macho yamemtoka. "Nilitia kitu." Na wifi anakula vijiko viwili, vitatu, anasema kitamu sana. Kilo zilikuwa zikipungua. Mimi niliyekuwa nikimalizia mabaki nilianza kuliogopa boga na chumvi yake.

Alasiri moja nilikuwa namchana wifi nywele chache zilizobaki, kaka hajarudi. Akasema, kwa sauti ya chini tu, "Wifi, mimi sisikii ladha. Tangu ile dawa ya pili. Supu, wali, dawa ya meno, vyote kwangu ni karatasi."

Chanuo likanisimama mkononi. "Sasa ile supu uliimalizaje?"

"Siku ile alikaa," akasema. "Tulikula. Nilisahau kama nakula."

Nikataka kuinuka nikampigie kaka simu papo hapo. Akanishika mkono, na zile nguvu sijui alizitoa wapi. "Usimwambie. Anakuja mbio kutoka kazini, ana kadi zake, ana matumaini. Ukimwambia, atajua miezi yote hii amekuwa akiupikia ukuta. Atavunjika, na mimi sina nguvu za kumwokota."

"Basi mwambie akae."

"Namwambia kila siku."

Nikaapa kunyamaza, nikanyamaza. Watu husema ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku zile ulikuwa nao. Leo najiuliza kwa nini sikumvuta tu kwa shati nikamkalisha. Sikuwa na haja ya kutoboa siri. Neno moja lingetosha, kaa, na mimi ni mtu ninayejulikana kwa kuwaamrisha watu. Labda nami nilikuwa nimeanza kuiamini ile supu. Nasema ukweli, sijui, na jambo hili linanila mpaka leo.

Wiki moja baadaye daktari alisimamisha dawa. Wiki mbili baada ya hapo, asubuhi, kaka akiwa anamfungulia pazia, wifi akatutoka.

Mazishi yakapita, watu wakaondoka na vyombo vyao. Kaka akarudi kazini. Mwezi wa pili baada ya mazishi akanipigia simu. "Njoo jioni ule. Nadhani nimeipata."

Niliukuta mlango wazi na harufu ya boga mpaka ngazini. Alikuwa amekonda, kola imemzidi shingo. Juu ya ile meza ndogo ya dirishani palikuwa na bakuli moja na kijiko kimoja. Akanikalisha, akarudi nyuma hatua nne. Kadi mkononi, penseli nyuma ya sikio.

Nikaonja. Ilikuwa na chumvi ya kutosha watu kumi.

"Enhe?" akasema.

Kiapo ni kiapo, najua. Lakini niliyemwapia alikuwa kaburini, na huyu alikuwa bado amesimama. "Kaka," nikasema, "lete kijiko cha pili. Njoo ukae."

"Wewe kula kwanza, nione."

"Kaa!"

Akakaa. Nadhani alikaa kwa mshtuko. Nikamwambia yote, karatasi, dawa ya pili, mguu uliovimba, kicheko, mpaka kiapo changu. Nilisema huku nikilia, na nilisema vibaya, nikirudia maneno. Nilipomaliza, kaka alichovya kijiko kwenye bakuli akala, kijiko kizima, si kwa ncha.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Imezidi sana."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, kaka."

Akaitazama kadi, akaiweka juu ya meza kifudifudi. Nikasubiri anikaripie. Nilitaka anikaripie, ilikuwa haki yake. Wiki tatu nilikuwa najua, na nikanyamaza. Lakini alikuwa hanitazami, alikuwa anautazama mlango wa chumba, pale mahali pake pa kusimama.

"Kila jioni alikuwa ananiambia nikae," akasema. "Kila jioni. Mimi nikadhani anaihurumia miguu yangu."

Tukaila ile supu, wote wawili, mpaka ikaisha.