Vumbi Mgongoni mwa Afande Adinani

Kama umewahi kupita Tura kwa treni ukamwona mzee mwembamba amesimama kando ya reli, anakodolea macho magurudumu badala ya kuwapungia mkono abiria, basi umemwona Wenceslaus Masanja. Usidhani ni majivuno. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa njia, mtu wa gangi, kikosi cha kutengeneza reli, spana begani, na mpaka leo hajaamini. Hajaamini kwamba mzigo mkubwa kiasi kile, watu na magunia na vitanda na kuku, unapita juu ya vyuma viwili vyembamba na hauanguki. Alipostaafu wenzake walikwenda kulima tumbaku na kutundika mizinga. Yeye kila asubuhi, akishakunywa uji, alitembea kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, akikagua boliti ambazo serikali haikumlipa tena kuzikagua. Mkewe Koleta alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni reli.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa, mwaka juzi, alikuta kwenye kona boliti kumi na moja hazipo. Hazikuwa zimelegea zikadondoka. Zilifunguliwa kwa spana, na aliyezifungua alijua kazi. Wenceslaus alimpigia simu mkuu wa stesheni, sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto. Treni ya abiria iliyotoka Tabora ilikuwa imefika Goweko, ikazuiwa pale saa tano nzima. Abiria walitukana, wakamaliza karanga zote za akina mama wa stesheni, wakatukana tena. Treni ambayo haikuanguka haina habari, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni nani aliyewachelewesha.

Siku ya nne polisi walizikuta boliti kwenye gunia la mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi hakuhitaji kubanwa sana. Akamtaja aliyemuuzia: Valentino, kijana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa mwisho wa Wenceslaus na Koleta. Na spana iliyofanya kazi ile ilitoka chini ya kitanda cha baba yake.

Mzee aliitwa mahakamani kutoa ushahidi. Angeweza kusema macho yamezeeka, na nani angembishia? Lakini alisimama, akashika Biblia, akasema alichokiona, na alipoonyeshwa spana akasema, "Ni yangu." Valentino alitazama sakafu mwanzo hadi mwisho. Miaka mitano. Wakati anashushwa kizimbani hakugeuza shingo, na baba yake akarudi Tura na swali moja lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki: je, mwanangu ananichukia?

Hilo ndilo lililompeleka gerezani Tabora, na huko akakutana na kitu cha pili maishani kilichomwacha mdomo wazi. Alitegemea kukuta makelele na virungu. Alikuta utaratibu. Simu unaacha getini. Unaandikwa kwenye daftari: jina lako, unakotoka, unamtaka nani, ni nani wako. Mahabusu anaweza kuletewa chakula na ndugu zake, nawe unakionja mbele ya askari kabla hakijaingia. Lakini aliyekwisha hukumiwa anakula cha serikali, kwa hiyo wali wako rudi nao nyumbani. Sabuni inapokelewa, dawa ya meno inapokelewa, baada ya kupekuliwa. Kisha unakaa kwenye benchi, na nyuma ya ukuta unasikia mamia ya wanaume wamechuchumaa watano watano wakihesabiwa, hesabu ikikosea wanaanza upya, na hakuna anayenung'unika. Wakubwa wao miongoni mwa wafungwa wanaitwa wanyapara, jina lile lile la wakuu wa misafara ya zamani, wale waliowapanga wapagazi kutoka Unyamwezi hadi pwani. Wenceslaus alisikiliza akatikisa kichwa. Watu wengi namna ile, ndani ya ukuta mmoja, na kila mmoja anajulikana alipo.

Ila utaratibu huo huo una kifungu kimoja kigumu. Mfungwa halazimishwi kuonana na mgeni. Mara nne mzee alisafiri, akalala kwa dada yake Levina kule Ntalikwa, akaamkia getini. Mara nne askari aliingia ndani na kurudi peke yake.

"Mzee, amesema hana mgeni."

Sabuni ilipokelewa. Mwenye sabuni hakupokelewa.

Na Koleta je? Miguu ilikuwa imevimba, presha imempanda, safari haiwezi. Alibaki mlangoni akisubiri habari. "Umemwona?" "Nimemwona." "Amekonda?" "Amenenepa, mama Valentino. Anakusalimu." Mume aliyekula kiapo mahakamani akasema kweli dhidi ya damu yake, sasa anamdanganya mkewe mara nne mfululizo bila kupepesa macho! Nadhani Koleta alijua. Wanawake walioishi na mtu miaka arobaini wanajua hata uongo wako unavyovaa viatu. Hakumsuta. Juma la mwisho, pumzi imekuwa fupi, alimwambia jambo moja tu: "Nikifa, mwanangu asiambiwe na mtu mwenye kofia. Mwambie wewe."

Alifariki Jumanne, akazikwa Alhamisi. Jumamosi Wenceslaus alikuwa getini kwa mara ya tano.

Siku hiyo mezani alikuwepo askari mgeni, mtu wa makamo mwenye kitambi kidogo na macho ya kucheka. Kibao kifuani kilisema Adinani. Alimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikiwa, akaanza kuandika.

"Unatoka wapi?"

"Tura."

"Mnyamwezi kabisa?"

"Kabisa."

Kalamu ikasimama. "Ee Mungu wangu, watani! Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Babu yangu alikufa akingoja mzigo wake. Mliubeba kutoka pwani, mkaula njiani."

Siku nyingine yoyote Wenceslaus angempa jibu la kumkalisha chini. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu wapagazi walipokuwa wakishuka pwani na pembe na nta, wakiugua, wakifa ugenini, wakizikwa na wenyeji wasiowajua. Ndiko utani ulikozaliwa: mtu aliyekuzikia ndugu yako ana ruhusa ya kukutukana maisha yake yote. Lakini siku hiyo ulimi wa mzee ulikuwa mzito.

"Leo niwie radhi, afande. Nimezika mke juzi. Mama yake huyu kijana ninayemtaka. Naye hajui."

Adinani aliweka kalamu chini. Akaeleza taratibu, kwa upole, kwamba jambo la msiba lina njia yake: mkuu wa gereza atamwita kijana ofisini na kumwambia. Wito wa ofisini haukataliwi.

"Marehemu alikataza," alisema Wenceslaus. Akamweleza lile la kofia. Akamweleza na zile safari nne, na boliti, na kizimba, mpaka mwenyewe akashangaa maneno yametoka wapi. "Nataka aje kwa miguu yake, nimwambie kwa mdomo wangu. Akikataa na leo, basi nitajua ananichukia, na ofisi imwambie."

Askari akalifunga daftari. Kisha akauliza swali ambalo halimo kwenye daftari lolote la magereza.

"Kaburini kwa mtani wangu, nani alilala ndani?"

"Hakuna. Mtani wetu Mgogo alihamia Manyoni."

"Hakuna?" Adinani akasimama. "Mmemzika mke wa Mnyamwezi kavukavu? Hakuna aliyeingia kaburini akakataa kutoka? Hakuna aliyedai kuku? Hakuna hata mmoja aliyewatukana? Nyie watu wa bara mna laana gani?"

Wenceslaus alicheka. Kilimtoka kicheko kikubwa, cha kwanza tangu Jumanne, akaushika mdomo kwa mikono miwili kwa aibu, na machozi yakapita katikati ya vidole. Adinani hakungoja yaishe. Alimwachia meza askari wa kike aliyekuwa jirani, akaingia ndani.

Mzee akakaa kwenye benchi. Nyuma ya ukuta hesabu ilikuwa imekwisha, zile sauti za watu wengi zikivuma kama kawaida. Ghafla kikapasuka kicheko cha umati. Halafu kicheko kikaanza kupungua, upande huu, upande ule, kikapungua mpaka kikaisha, na gereza zima likanyamaza. Wenceslaus alikuwa hajawahi kusikia kimya cha watu wengi hivyo. Alidhani kuna mtu amekufa humo ndani.

Kilichotokea aliambiwa baadaye. Adinani alikwenda uwanjani hadi alipokaa Valentino. Akavua kofia yake ya kazi, akaiweka chini kwa adabu. Kisha, akiwa na sare ya serikali, mkanda na viatu vyote, akalala chali kwenye vumbi, akafumba macho na kukunja mikono kifuani.

"Siinuki," alisema, "mpaka Mnyamwezi huyu anilipe. Nataka kuku."

Ndipo walipocheka. Askari amepatwa na nini? Lakini humo ndani walikuwemo Wasukuma, Wagogo, Waluguru, watu waliokwisha kuona watani makaburini. Mmoja baada ya mwingine wakaelewa. Mtani halali hivyo penye furaha. Ofisa mmoja mkubwa alitokea mlangoni, akaona, akageuka akaanza kusoma tangazo la ukutani alilolibandika mwenyewe.

"Sina kuku, afande," Valentino alisema.

"Basi nilipe kwa miguu. Nenda getini."

"Ni nani aliyefariki?"

Adinani hakujibu, wala hakufumbua macho. Hakuwa na haja ya kusema, maana aliyekuwa getini alijulikana ni baba. Valentino aliinuka. Wafungwa wakampisha njia.

Wenceslaus aliona kwanza mgongo wa Adinani, akipita kwenda kusimama pembeni, mahali askari anaposimama kusikiliza mazungumzo. Mgongo wote ulikuwa vumbi jekundu, kuanzia kola hadi visigino, na hakujipangusa. Mzee hakujua bado maana yake, lakini aliutazama mgongo ule kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu mwenye cheo. Kisha upande wa pili wa wavu akaketi mwanawe, amekonda, amenyolewa, amevaa nguo za mfungwa.

"Ni mama," alisema Valentino. Hakuwa anauliza.

"Ni mama."

Akamwambia yote kwa mdomo wake, kama alivyoagizwa: siku, saa, presha, pumzi, nani alimwosha, nani aliongoza rozari, kaburi liko upande gani wa shamba. Yalipokwisha, mzee hakuwa na kitu kingine cha kujificha nyuma yake.

"Valentino. Unanichukia?"

Kijana aliinua uso. Akamtazama baba yake moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

"Ile treni, baba. Ilikuwa na watu wangapi?"

"Mkuu wa stesheni aliniambia mia sita na arobaini. Wengine wanafunzi, wanarudi shule."

"Mia sita na arobaini." Aliirudia polepole. "Mimi nilitaka simu. Mtoto wa fundi wa njia, nimekua nikikupelekea uji relini, na siku ile nilifikiria simu, sikufikiria treni." Akashika wavu. "Humu ninalala karibu na watu walioua, baba. Mmoja hakukusudia, aligonga watu kwa gari. Akisinzia tu anapiga kelele, tunamwamsha. Mimi ninalala mpaka kengele. Kila nikiamka najiuliza nina haki gani ya kulala hivi, na jibu ni moja tu. Wewe ulipita asubuhi ile."

"Kwa nini basi hukutoka? Mara nne, mwanangu."

"Nilikuwa sijui pa kuanzia. Mtu anamshukuruje baba yake kwa kumfunga?"

Wenceslaus naye akaushika wavu. Miaka thelathini na mmoja alishangaa chuma kinavyobeba watu. Hakuna hata siku moja aliyofikiri kwamba kuna mtu, ndani ya ukuta, analala usingizi juu ya kazi yake.

"Umeshamshukuru," alisema.

Hapo wakalia, mzee na mfungwa, kila mmoja upande wake wa wavu. Muda ulikuwa umekwisha kitambo, na Afande Adinani, aliyepaswa kuutangaza, alikuwa anatazama ukuta.